Kufungua Risasi Ulizojaza Mwenyewe: Ushauri kwa Wanaotumia Vichwa vya Kusubu

Wasomaji wetu walioko Marekani, wanaojaza wenyewe risasi za bastola zao, wameuliza jambo lilelile kwa njia nyingi. Mmoja ana sanduku la 9 mm na hana uhakika kama mashine ilimwaga baruti mara moja au mara mbili. Mwingine amejaza .38 Special zikawa ndefu mno, haziingii kwenye silinda. Wa tatu ameachiwa na jirani mzee ndoo ya .45 ACP zisizo na lebo wala tarehe. Wote wanataka kuzifungua, na wote wanataka kuokoa kila kilichomo.

Hapo kwenye kuokoa kila kitu ndipo tutakapovutana kidogo. Risasi nzima ina sehemu 4: ganda la shaba, fataki iliyo kitakoni, baruti, na kichwa. Kichwa cha kusubu, kile ulichomimina kwenye kalibu kwa madini ya risasi, ndicho kinachorudishika kwa urahisi kuliko vyote. Kikikwaruzika unakitupa kwenye sufuria ya kuyeyushia na wiki ijayo unakimimina upya. Baruti usiyoijua na fataki iliyo hai hazina huruma hiyo. Kwa hiyo usikubali kichwa kikupangie kazi. Mambo mengi yanayoharibika mezani huharibika kwa sababu mtu alikuwa akihangaikia kichwa chenye thamani ya senti chache.

Kwanza, je, unaruhusiwa?

Sehemu hii ni fupi lakini usiiruke.

- Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani, kujaza risasi kwa matumizi yako mwenyewe hakuhitaji leseni. Kuzitengeneza kwa ajili ya kuuza kunahitaji. Majimbo na miji ina masharti yake, na mkataba wako wa kupanga nyumba pia unaweza kuwa na lake.
- Walio na viza za muda, kama za masomo au matembezi, kwa kawaida wanakatazwa na sheria hiyohiyo kumiliki silaha, na hata risasi moja, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwanafunzi anayemsaidia mjomba wake gerejini aulize mwanasheria kwanza. Kosa la namna hii hugusa hadi makaratasi ya uhamiaji.
- Kenya na Tanzania, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Makala haya hayakuruhusu kitu ambacho sheria ya ulipo haikiruhusu.
- Risasi iliyookotwa shambani au porini, mahali palipopita vita, mashariki mwa Congo au kaskazini mwa Uganda, haifunguliwi na mtu wa kawaida. Iache ilipo, weka alama, toa taarifa.

Zipi zinastahili kufunguliwa

Fungua risasi kama:

- unashuku kipimo maradufu cha baruti, au unashuku hakuna baruti kabisa;
- umetumia baruti isiyo yake, au umesahau uliyotumia;
- kichwa kimekaa nje mno risasi haiingii chemba, au kimezama ndani mno, jambo linalopandisha shinikizo;
- fataki imeingia kichwachini (iliyochomoza kuliko kitako ina utaratibu wake, tazama hatua ya 1);
- zimekaa kwenye buti la gari majira ya joto. Grisi ya vichwa vya kusubu, hasa ile ya nta laini, hulainika ikashuka kwenye baruti, na risasi hiyo ukiipiga hutoa mlio dhaifu;
- zimejazwa na mtu mwingine, hata kama unampenda na kumwamini.

Usifungue nyumbani kwa chombo chochote:

- risasi za .22 LR na nyinginezo ambazo mchanganyiko wa kulipua umo ndani ya ukingo wa kitako. Pigo moja kwenye ukingo latosha kuilipua;
- risasi za kijeshi zenye rangi ngeni kwenye ncha. Huenda ni za kuwaka au za kuacha mstari wa moto;
- risasi yenye kutu ya kijani, iliyobonyea au iliyopasuka ganda.

«Si nizipime tu kwenye mizani?»

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia kuliko yote, na linasikika kama la busara. Badala ya kufungua 200, mtu anafikiri, pima kila moja, ile nzito ndiyo yenye baruti mara mbili.

Kwa vichwa vya kusubu njia hii haiaminiki. Baruti za haraka zinazotumika kwenye bastola, kama Bullseye au Titegroup, hupimwa kwa greini 4 au 5 hivi kwa 9 mm. Greini 5 ni kama gramu 0.32. Vichwa vilivyotoka kwenye kalibu moja siku moja vinaweza kupishana greini moja au mbili, na ukichanganya maganda ya viwanda tofauti, maganda yenyewe yanapishana greini kadhaa. Risasi yenye baruti mara mbili, kichwa chepesi na ganda jepesi itakaa katikati ya wenzake bila kukonyeza. Mizani inaweza kukuonyesha risasi ya kushuku. Haiwezi kukuhakikishia risasi iliyo salama.

Kutikisa sikioni ni kubaya zaidi, hasa kwa vichwa vyenye grisi, kwa kuwa baruti hunata chini ya kichwa na kunyamaza.

Na usichukue sampuli. Ukifungua 10 kati ya 200 ukazikuta sawa, umejua habari za hizo 10 tu. Baruti hizi hujaza chini ya nusu ya ganda, ndiyo maana kipimo maradufu huingia bila kumwagika wala kukushtua. Kama shaka ni ya kweli, fungua zote.

Chombo: nyundo, si kibano

Madukani utaonyeshwa aina mbili. Ya kwanza ni kibano kinachofungwa juu ya mashine ya kujazia: kinakamata kichwa, unarudisha mkono wa mashine juu, ganda linashuka na kichwa kinabaki. Hornady na RCBS huuza vya aina hii. Kwa bunduki ndefu zenye vichwa vya gamba la shaba, ni kizuri sana. Kwa vichwa vya kusubu vya bastola kina matatizo mawili. Madini ya risasi ni laini na yamepakwa grisi, hivyo kibano huteleza. Ukikaza zaidi, kinaminya. Tena kichwa cha bastola huachwa kimezama hadi mdomo wa ganda, sehemu iliyobaki nje ni pua iliyochongoka, na kibano hakipati pa kushika.

Ya pili ni nyundo ya plastiki yenye kichwa kilicho wazi ndani. RCBS, Frankford Arsenal, Lyman na Quinetics wanazitengeneza, na zote hufanya kazi kwa namna moja. Risasi inaning'inizwa ndani, kichwa kikielekea chini, taya tatu ndogo zilizozungushiwa oringi zikishika mbele ya ukingo wa kitako. Ukigonga nyundo mahali pagumu, ganda linasimama pamoja na nyundo, kichwa kinaendelea na safari. Uzito wa kichwa ndio unaofanya kazi, na vichwa vya kusubu kwa kawaida ni vizito: greini 230 kwa .45 ACP, karibu gramu 15; greini 158 kwa .38 Special, gramu 10 na kitu. Vyepesi kama vya .380 ndivyo vinavyokutoa jasho.

Nunua nyundo. Bei yake haizidi sana ile ya sanduku moja la risasi za dukani.

Meza na mwili

- Miwani ya kinga, kila mara, hata kwa risasi moja. Nyundo ya plastiki hupasuka siku moja bila taarifa.
- Vizibo vya masikio. Kugonga kwenyewe kuna kelele. (Anayeishi kwenye apatimenti, ghorofa ya tatu, afikirie majirani, au aende kwa rafiki mwenye gereji.)
- Hakuna sigara, hita ya gesi wala jiko karibu.
- Baruti ya kopo lingine isiwepo mezani.
- Bakuli tatu zenye midomo mipana: ya baruti, ya vichwa, ya maganda yenye fataki. Ziandike.
- Usile wala kunywa mezani. Madini ya risasi hupita mdomoni kwa vidole. Ukimaliza, osha mikono kwa sabuni na maji baridi, na nguo za kazi zisichanganywe na za watoto.

Hatua kwa hatua

1. Kagua kitako. Fataki iliyochomoza, iweke risasi hiyo kando, uiulizie kwa fundi mzoefu. Isiyochomoza, endelea.

2. Chagua taya zinazolingana na kitako. Nyundo nyingi huja na seti mbili au tatu za taya. Zikiwa kubwa mno risasi itaanguka ndani ganda na vyote. Wapo wanaotumia kishikio cha ganda cha mashine badala ya taya, kwa kuwa kinaharakisha, na huenda rafiki yako hajapata neno kwa miaka. Maelekezo ya nyundo yako yakisema tumia taya zake, tumia taya zake.

3. Tia sponji kidogo ndani ya pua ya nyundo kama unataka kuokoa kichwa. Kizibo cha sikio cha sponji kinatosha. Hapo utapata kichwa kisichobonyea, lakini chembe za baruti zitajificha humo, kwa hiyo kikung'ute kila mara. Mimi siweki kitu: kama kichwa kinakwenda kuyeyushwa, sponji ni ya nini?

4. Ingiza risasi, kichwa kikitangulia, funga kifuniko hadi kikaze kwa mkono. Usitumie koleo kukaza.

5. Gonga juu ya kitu kigumu kisichoruka. Gogo la mti mgumu lililosimamishwa, ukigonga upande wake uliokatwa, ni zuri kuliko vyote. Sakafu ya saruji inafaa lakini hula plastiki. Meza inayodunda inakula nguvu zako bure.

6. Mapigo yawe thabiti, ya mkono na si ya bega. Mapigo machache ya wastani ni bora kuliko moja la hasira. Sikiliza: kichwa kikitoka mlio hubadilika, ukasikia kitu kinacheza ndani.

7. Acha kugonga hapohapo. Elekeza nyundo juu, fungua kifuniko polepole, toa ganda. Mwaga baruti na kichwa, kila kimoja kwenye bakuli lake.

8. Angalia ndani ya ganda kwa tochi, si kiberiti wala njiti. Unatafuta mambo mawili: baruti iliyonata kwenye grisi, na kikombe kidogo cha shaba. Vichwa vya .357 Magnum na .44 Magnum mara nyingi huvalishwa kikombe hicho kitakoni, na kisipobanwa vizuri hubaki ndani ya ganda kichwa kinapotoka. Ukijaza ganda hilo tena bila kukiona, umejaza baruti juu ya kizibo usichokijua.

9. Kama ulikuwa ukitafuta kipimo maradufu, pima baruti ya kila risasi kabla ya kuichanganya na nyingine, na kwangua pia iliyonata kitakoni mwa kichwa. Usipoikwangua, kipimo kitaonekana pungufu na utalaumu mashine isiyo na kosa.

Fungua risasi moja kwa wakati. Ishirini au thelathini, pumzika. Mkono uliochoka ndio unaosahau miwani.

Kichwa kikigoma

Kwanza hakikisha tatizo si wewe. Kifuniko kimelegea? Taya zimekaa mbele ya ukingo wa kitako, au zimeshika ukingo wenyewe kwa bahati? Unagonga juu ya zulia?

Kama yote yako sawa, tazama mdomo wa ganda. Risasi za rivolva kama .38, .357 na .44 hubanwa kwa kukunja mdomo kuingia kwenye mfereji wa kichwa, na mkunjo huo unashika kweli. Zitataka mapigo zaidi, ndivyo zilivyo. Risasi za 9 mm na .45 ACP, ambazo mdomo wake umenyooshwa tu kuondoa utanuzi, hutoka upesi.

Mbinu ya zamani inayosaidia: kabla ya kugonga, sukuma kichwa ndani kidogo sana kwa mashine ya kujazia, unene wa karatasi mbili tatu. Msukumo huo hukata mshiko wa grisi iliyokauka na mkunjo. Usifanye hivyo kama baruti imeshajaa hadi kugusa kichwa, na bila shaka usiipige risasi hiyo baada ya hapo.

Usifanye, hata ukishauriwa na nani:

- usipashe moto ganda ili grisi ilainike;
- usibane risasi kwenye jiriwa ukaizungusha kwa koleo;
- usitoboe, usikate kwa msumeno, usigonge risasi moja kwa moja kwa nyundo ya chuma;
- usijaribu kuipiga «ya mwisho tu» ili uondokane nayo. Bastola iliyokutana na kipimo maradufu huenda isionye mara mbili.

Zikiwa mia tano

Nyundo ni chombo cha makosa madogo. Ukiwa na mia tano, bega litakukataa. Kwa vichwa vya kusubu tu, pana njia ya mkato ambayo wenye vichwa vya gamba la shaba hawana, kwa sababu wewe huhitaji kichwa kizima.

Tumia mashine ya kujazia yenye nafasi moja, bila kifaa chochote kilichofungwa juu. Toa au sogeza mkono wa kupachikia fataki, pasibaki kitu kinachoweza kugusa kitako. Weka risasi kwenye kishikio cha ganda, pandisha mpaka kichwa kichungulie kwenye tundu la juu la mashine. Kishike kichwa kwa koleo la kukatia waya, kwa nguvu ya kuuma na si ya kukata, koleo likiegemea uso wa mashine. Kisha rudisha mkono wa mashine juu taratibu. Ganda linashuka wima, baruti yake imo ndani, kichwa kinabaki kwenye koleo kikiwa na meno mawili ubavuni. Kidondoshe kwenye bakuli la kuyeyusha.

Mipaka yake:

- Risasi fupi kama 9 mm huenda zisifike juu kwenye mashine zenye uso mnene. .38, .357 na .44 hufika vizuri.
- Vichwa bapa vya shabaha vya .38 Special, vile vinavyozama usawa wa mdomo wa ganda, havina pa kushikwa. Hivyo ni vya nyundo tu.
- Kama koleo lako limenolewa sana, litakikata kichwa katikati na kukuachia nusu ndani. Meno butu ni bora.

Baruti: mwaga

Hapa ndipo ubahili huwaponza watu. Hesabu mwenyewe. Risasi 100 zenye greini 5 kila moja ni greini 500. Pauni moja ya baruti ina greini 7,000. Hata kama umeinunua pauni kwa dola 40, umeokoa kama dola 3 kasoro kidogo. Kwa dola hizo unapata baruti iliyochanganyika na chembe za grisi, vipande vya sponji, pengine na vumbi la madini ya risasi.

- Baruti usiyoijua jina haitumiki, hata ikifanana kabisa na uliyo nayo. Rangi na umbo haviaminiki. Baruti nyingi ni vipande vidogo vya kijivu.
- Baruti unayoijua, safi, ya siku hiyohiyo, unaweza kuitumia ukiiweka kwenye chombo chake chenye lebo. Usiirudishe kamwe kwenye kopo la kiwanda, kwani kosa la gramu chache litakuharibia kopo zima na uhakika wako wote.
- Gramu chache za kutupa zitawanye nyembamba kwenye nyasi au bustani, mbali na watoto na mifugo, na uzimwagie maji. Usizitie kwenye pipa la taka, usizimwage chooni, usizichome nyuma ya nyumba.

Maganda yenye fataki

Mwaka 2020 na 2021 fataki ziliadimika sana Marekani, na tangu hapo watu wamejifunza kuzionea huruma. Sawa, hapa kuokoa kuna maana. Ganda lililofunguliwa lina fataki nzima na linaweza kujazwa tena:

- Kagua mdomo kwa nyufa, hasa kwa .38 na .357 zilizokunjwa mara nyingi.
- Tanua mdomo tena kwa kifaa cha kutanulia kabla ya kuingiza kichwa kingine cha kusubu. Bila hivyo ukingo wa ganda utakichonga kichwa ubavuni.
- Ukilazimika kulibana ganda upya, toa kwanza pini ya kusukumia fataki kwenye kifaa cha kubania. Kuisahau ni kusukuma fataki hai kwa chuma.
- Yaweke mbali na mengine, yameandikwa wazi kuwa yana fataki na hayana baruti.

Kama huyataki, usiyaloweke mafuta ukadhani umezizima. Mafuta hayaui fataki kwa uhakika. Nyingine bado zinaweza kuwaka hata baada ya kulowa siku kadhaa. Njia safi ni kwenda nayo uwanja wa shabaha, kuuliza mwenye uwanja, kisha kuyapiga matupu kwenye bastola ya kaliba hiyo, ukivaa miwani na vizibo, mdomo wa silaha ukielekea mahali salama. Mlio ni mdogo kuliko wa risasi nzima, na mtutu utataka kusafishwa.

Vichwa: pima kabla ya kuamua

Mtu mwenye nyundo na sponji atakuwa na vichwa vizuri machoni. Kabla ya kuvijaza tena, vipime.

- Kipenyo. Kichwa cha kusubu cha 9 mm kwa kawaida huachwa kwenye inchi 0.356 hadi 0.358. Ganda lenye kuta nene linaweza kukibana kikatoka na 0.354. Kichwa chembamba hivyo huvujisha gesi ubavuni na kupaka madini ya risasi ndani ya mtutu. Kwa .38 Special tarajia 0.358, kwa .45 ACP 0.452. Mikromita hapa ni bora kuliko venia.
- Kitako. Ukingo wake ukiwa umebonyea au kumeguka, kichwa hakitakwenda palepale. Pua iliyokwaruzika haina madhara makubwa. Kitako ndicho kinachoongoza.
- Grisi. Mifereji ikiwa tupu, ipakwe upya. Vichwa vya rangi ya unga iliyookwa havina tabu hii, ila angalia kama rangi imechubuka hadi chuma kuonekana.

Kipimo hiki kina faida isiyotarajiwa. Kama vichwa vyako vinatoka kwenye maganda vikiwa vyembamba, basi pengine ndiyo sababu mtutu wako umekuwa ukichafuka mwaka mzima, wala si grisi uliyokuwa ukiibadilisha kila mwezi.

Vya kuyeyusha vina sheria zake:

- Visafishe baruti yote kwanza, na viwe vikavu kabisa. Tone la maji ndani ya madini yaliyoyeyuka hugeuka mvuke ghafla na kurusha chuma cha moto usoni.
- Kabla ya kumimina bakuli kwenye sufuria, pitisha mkono na macho: kusiwe na ganda lenye fataki wala risasi nzima iliyojichanganya. Hili hutokea kwa wenye bakuli zisizoandikwa.
- Madini ya risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za Selsiasi. Yeyushia nje au penye hewa ya kutosha, na kwa vichwa vya rangi ya unga tarajia moshi mzito mwanzoni.
- Vya aloi tofauti viwekwe mbalimbali. Vilivyosubiwa kwa linotipu ni vigumu kuliko vya vipande vya kusawazishia tairi; ukivichanganya, hujui tena unachokimimina.

Na ile ndoo ya jirani mzee?

Sasa tumrudie msomaji wa tatu. Risasi za .45 ACP, ndoo nzima, hakuna lebo, aliyezijaza amefariki.

Kuhusu kuokoa kila kilichomo, jibu langu kwake ni hapana, isipokuwa kwa maganda. Baruti yote humwagwa, haina mjadala. Vichwa vyote sufuriani. Fataki zina umri usiojulikana. Kama anataka kuzitumia, ajaze risasi chache za mazoezi tu, wala si za kujilinda. Kabla ya kuanza aangalie kitako cha kila moja, na zile zenye kutu au fataki iliyochomoza azitenge.

Kama kazi ni kubwa kuliko muda wake, apige simu kwa ofisi ya sherifu, uwanja wa shabaha au duka la silaha la karibu, aulize kama wanapokea risasi zilizojazwa nyumbani na wanataka ziletwe vipi. Baadhi hupokea, baadhi hukataa. Asizibebe mlangoni kwao kabla ya kuuliza, na asiziuze wala kumgawia mtu, hata bure.